Mafundi wa Arusha na Moshi: ukishakuwa na vijana chini yako, unasoma nini kwanza na unasoma saa ngapi?

FundiKijenge (Arusha)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni fundi mwashi, nipo Kijenge hapa Arusha. Ufundi nilifundishwa na mjomba wangu saiti. Nilianza kwa kubeba karai, nikaja kupewa mwiko, na leo nasimamia nyumba mwenyewe kuanzia kuseti msingi mpaka kupaua. Cheti sina hata cha chekechea. Vijana ninao, wengine tumekaa pamoja muda mrefu, na kazi kwa neema ya Mungu hazikauki. Moshono, Olasiti, na Muriet kule ndiyo usiseme, kila kiwanja kina lundo la mawe.

Kilichonileta hapa ni mambo mawili ya mwaka huu. La kwanza, ilitoka kazi ya madarasa kwenye shule moja ya serikali huku kwetu, fosi akaunti, yaani wanaajiri fundi moja kwa moja bila mkandarasi. Mwenyekiti wa mtaa ananijua, nyumba yake nimejenga mimi. Nikaambiwa niwe nimejisajili kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, na nionyeshe cheti cha ufundi. Kazi akachukua kijana aliyemaliza chuo juzi tu, na kuseti kona anakuja kuniuliza mimi. Sina kinyongo naye. Yeye ana karatasi, mimi sina.

La pili, nina mteja anaishi Dar, anajenga Njiro. Amenitumia michoro ya mhandisi kwa WhatsApp, kurasa nyingi, na ndani yake kuna jedwali la nondo. Nguzo na slabu nimezisuka miaka yote kwa kuangalia mchoro wa kawaida na kumuuliza mhandisi akija saiti. Hili jedwali lina namba za maumbo, urefu wa kukata, idadi, kila kitu kimepewa alama yake. Kijana wangu mmoja wa form four akalifungua kwenye simu akaanza kunisomea mstari kwa mstari. Nilisikia raha na wivu kwa pamoja.

Sasa kusoma nitasoma, hilo nimeshaamua. Ninachouliza ni nianze na lipi: cheti cha VETA (wale wa mafunzo ya ufundi stadi), kusoma michoro, au mambo ya biashara kama BOQ (orodha ya vifaa na gharama za kazi), kodi na kampuni? Kila ninayemuuliza anavutia kwake. Na mtu mwenye vijana wanaosubiri hela ya Jumamosi anasoma saa ngapi? Nikifunga kazi mwezi mzima, nikirudi nitawakuta wako kwa fundi mwingine. Nipo arobaini na kitu, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Kama kuna aliyepita njia hii akatoboa, naomba aseme.

Matusi siyataki, ushauri karibu.

---

chalii_wa_Sakina (Arusha)

Oya fundi, unajitesa bure. Darasa lipo mfukoni mwako. Mimi jipsamu na skimingi (kulainisha ukuta kabla ya rangi) nimejifunza YouTube kwa Wahindi na Waturuki, lugha sielewi hata neno moja, naangalia mikono yao tu. Leo napiga kazi Sakina mpaka Ngaramtoni na simu haipoi. Weka bando, angalia usiku, kesho jaribu. Vyeti havisimamishi ukuta.

---

Mzee wa Timazi (Tengeru)

Chalii, jipsamu ikianguka itavunja vikombe vya kabatini. Slabu ikianguka tunaitana msibani. Tofautisha kazi.

Sikatai simu, hata mimi naangalia. Lakini ukiangalia mikono unajifunza mkono. Video haikuambii kwa nini kwenye bimu nondo za chini ndizo zinazobeba katikati, halafu ukifika juu ya nguzo mzigo unahamia nondo za juu. Nimeshaitwa kukagua kibaraza cha kuning'inia kilichopasuka kwenye shina, tukachimbua, nondo zote kuu ziko chini. Fundi alikuwa amenakili alichozoea kwenye slabu ya kati ya kuta. Kibaraza kinachoning'inia kinavutwa upande wa juu, kwa hiyo nondo kuu zinakaa juu na ziingie ndani ya slabu za kutosha. Hilo ni jambo la darasa la siku moja na limekwisha, ila ni lazima mtu akuchoree.

Na ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo kuu. Mafundi wengi wa hapa kwetu wanakunja ncha nyuzi 90 na kuziacha. Tupo kwenye Bonde la Ufa jamani. Julai 2007, kabla Ol Doinyo Lengai hajalipuka mwaka ule ule, tetemeko la Gelai lilitikisa mpaka Arusha mjini, watu wakatoka mbio majumbani. Kagera nao Septemba 2016 walipata lao. Ncha ya ringi ikunjwe nyuzi 135 iingie ndani ya kiini cha zege, nguzo ikitikiswa isifunguke. Hakuna gharama ya ziada ya kuitaja, ni kujua tu.

FundiKijenge, mimi nakushauri uanze na michoro. Kiingereza cha jedwali la nondo ni maneno machache yanayojirudia, hata hayafiki yale ya kuagiza spea za pikipiki.

---

Mama_Kokoto (Moshi)

Shikamoo Mzee wa Timazi. Kaka fundi, pole na karibu.

Mimi nipo Pasua, Moshi. Nina kampuni ndogo ya ukandarasi wa majengo, daraja la saba, na kabla ya hapo nilikuwa nauza kokoto na tofali, ndiyo maana ya jina. Mwiko sijawahi kuushika ukuta ukanyooka, kwa hiyo ufundi siwezi kukufundisha. Lakini mafundi wa aina yako nimefanya nao kazi wengi, wazuri kweli kweli, na najua pesa yao inavujia wapi.

Namheshimu mzee ila hapa natofautiana naye. Anza na hesabu ya kazi. Michoro ya pili, cheti cha tatu, kampuni baadaye sana, pengine usiihitaji kabisa.

Ngoja nieleze. Fundi wa mtaani anapiga bei kwa tofali au kwa chumba, na akiulizwa vifaa anasema "leta mifuko 10, ikipungua tutaongeza". Mteja wa Kijenge anayekuja saiti kila jioni anavumilia. Mteja aliye Dar, au aliye Marekani anayetuma hela kwa shemeji, havumilii. Kila "tutaongeza" kwake ni wizi. Siku akimpata fundi anayemwandikia kabla ya kuanza kwamba kazi hii inataka hiki na hiki, wewe umekwisha, hata kama ukuta wako ni mzuri kuliko wa huyo mwingine.

Chukua jamvi, yaani sakafu ya zege, la chumba cha mita 4 kwa mita 3.5, unene sentimita 10. Zidisha, unapata mita za ujazo 1.4. Hizo ni za zege iliyokwisha kushindiliwa. Vitu vikavu vikichanganywa na maji vinashuka, kwa hiyo tunazidisha kwa 1.54, inakuja kama 2.16. Mchanganyiko wa saruji, mchanga na kokoto wa 1:2:4 una mafungu 7, gawa, fungu moja ni 0.308. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, yaani 0.035. Gawa tena, mifuko 8.8. Andika 9. Mchanga ni mafungu mawili, kama mita za ujazo 0.62, na kokoto mara mbili yake. Kijana wa darasa la saba anaweza. Weka na akiba ya kinachomwagika, maana saiti hakuna toroli lisilomwaga.

Sasa ukishaandika 9, lazima na saiti itumie 9, na hapo ndipo vijana wanapokuangusha. Wanapima mchanga kwa koleo. Koleo la saa mbili asubuhi na koleo la saa tisa mchana si moja, la mchana limechoka. Tengeneza boksi la mbao lisilo na kitako, ndani liwe sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Ukipiga hesabu ni lita 35 kamili, sawa na mfuko mmoja. Mfuko mmoja wa saruji, boksi mbili za mchanga, boksi nne za kokoto, unanyanyua boksi linaacha rundo. Maji lita 25 kwa mfuko, na kama mchanga umelowa yapungue. Fundi akitaka zege ya uji ili imteremkie kirahisi, mkatalie mbele ya wote. Boksi hilo ni mbao chakavu na misumari, na limenisaidia kuliko semina moja niliyokaa kwenye hoteli nzuri, chai na sambusa, mtoa mada anasoma slaidi za Kiingereza ukutani na sisi tunasubiri bahasha ya nauli.

Nisieleweke vibaya, mafunzo mazuri yapo. Bodi ya Usajili wa Makandarasi huwa na mafunzo kwa makandarasi, na Baraza la Taifa la Ujenzi pia. Nilichokipata kwenye kozi ya bei na mikataba kimenilipa mara nyingi: namna ya kuandika madai kazi ikiongezeka, na kwamba maneno ya mdomo ya msimamizi si kitu mpaka yaandikwe. Ila kozi hizo zinanoga kama tayari una namba zako mwenyewe za kubishania. Ukienda mtupu unarudi na kitambulisho cha shingoni.

Namba zako unazipata kwenye daftari. Kila jioni andika: leo tumefanya nini, vijana wangapi, mifuko mingapi, mvua ilinyesha au la. Baada ya nyumba chache utajua fundi wako mmoja na saidia wake wanapanga tofali ngapi kwa siku wakiwa Muriet kwenye tambarare, na ngapi wakiwa kwenye mteremko ambako tofali zinabebwa kichwani. Namba hiyo haipo kwenye kitabu chochote cha chuo, ni ya kwako. Ndiyo unayopigia bei.

Kuhusu cheti, usifunge kazi. VETA, ambayo ipo kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, wengi tunauita urasimishaji. Wanakupima kwa vitendo na kwa maswali. Ukionekana una pengo, unafundishwa pengo hilo, huanzi na kushika mwiko kama mtoto. Walimu ni Waswahili wenzetu. Nenda ofisini kwao ukaulize awamu inayofuata ya uashi lini, usisikilize ya kijiweni. Ukiwa na cheti hicho, usajili wa NeST unakuwa na maana. Mfumo ule ulianza 2023, na manunuzi ya serikali yamehamia humo, hata fundi wa fosi akaunti anapatikana humo. Kijana wa chuo hakukuzidi kazi, alikuzidi kuwepo kwenye orodha.

Kuna jambo jingine la hapo hapo. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Wewe huenda umri umekupita, lakini vijana wako hawajapitwa. Wakisajili kikundi halmashauri, wana mlango huo na ule wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambako vijana wana 4, wanawake 4, wenye ulemavu 2. Wengi wanajua mkopo tu, wakigawana wanunue pikipiki. Kichanganyio cha zege kingewalisha.

Kampuni iache kwanza. Ukandarasi unataka mkurugenzi wa ufundi mwenye sifa za kitaaluma, ada ya kila mwaka, mahesabu, TRA wako mlangoni. Ukilipwa na taasisi, unakutana na kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 5 kwenye huduma, na kama hukuijua wakati wa kupiga bei, inatoka mfukoni mwako. Ukifika siku ya kuihitaji utaijua.

Muda wa kusoma ni masika. Machi mpaka Mei saiti zinalala nusu, huku kwetu Moshi ndiyo kabisa, udongo unashika buti. Badala ya kukaa kijiweni mkisubiri jua, ndiyo kipindi cha kozi fupi na cha kupimwa. Usijaribu kusoma Oktoba hadi Desemba. Wachaga wote wanataka nyumba za Machame, Marangu na Rombo ziwe na bati na vigae kabla ya Krismasi, na hela inatoka bila maneno. Hapo fanya kazi.

Mwisho, huyo kijana wa form four. Umesema ulisikia wivu. Mpe kazi rasmi: kila mchoro ukija, asome yeye kwanza mbele yako, na wewe umweleze kwa nini nondo iko pale. Mnafundishana. Muongezee kitu kwenye posho, hata kidogo. Ataondoka? Ataondoka. Fundi mzuri huwa anaondoka, na usipomfundisha ataondoka vile vile, ila atakuacha na jedwali lako hujalielewa.

---

Waya_Mbili (Usa River)

Kwa upande wa umeme sisi hatukuachiwa uamuzi. Bila leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, huwezi kusaini kazi mteja akaunganishiwa TANESCO, na leseni ina daraja lake na tarehe yake ya kwisha. Mwanzoni tulilalamika, sasa ndiyo inatupa kula, maana fundi wa kubahatisha anatuletea sisi kazi za kusaini na tunamkatalia.

Ila leseni haikunifundisha sola. Wateja wa kule Ngarenanyuki na hoteli ndogo za barabara ya Momella wanataka betri za lithiamu na inveta, na betri hizi si kama zile za maji tulizozoea. Ukikosea mpangilio wa kuchaji unaua mali ya mtu. Nilikwenda kwa wauzaji wenyewe, wanafundisha bure ili uuze bidhaa zao. Unajua wazi kwamba wanavutia kwao, lakini unatoka na kitu. FundiKijenge, hata wauzaji wa saruji na rangi huwa wanaita mafundi. Nenda, kula wali wao, uliza maswali magumu. Muulize hivi, saruji ya 32.5 na ya 42.5 (hizo ni namba za nguvu yake) inatumika wapi na kwa nini, usikubali jibu la "hii ni bora zaidi".

---

chalii_wa_Sakina (Arusha)

Mama Kokoto umeua. Boksi nalitengeneza kesho, na jipsamu nitaanza kuandika daftari. YouTube siiachi lakini.

---

FundiKijenge (Arusha)

Mungu awabariki. Nimesoma yote, mengine nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Boksi tumelitengeneza kwa mbao za shata, zile za fomu ya kumwagia zege. Siku ya kwanza vijana walicheka, wakaliita jeneza la paka. Mchana wakakubali kwamba zege inatoka rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, haibadiliki badiliki. Mifuko imebaki, na mteja wa Njiro nimemtumia picha ya iliyobaki na utepe wa kupimia ukionekana kwenye unene wa jamvi. Amejibu kwa mara ya kwanza bila kuuliza swali.

Huyo wa form four nimemkabidhi jedwali. Tumelipitia na kuandika kwa Kiswahili ubaoni, kwenye ubao wa fomu, kwa mkaa: nguzo, bimu, ringi, urefu wa kukata. Kumbe kwenye kila umbo kuna mchoro mdogo pembeni, mimi nilikuwa naruka naangalia namba.

Nina maswali mawili. Mama Kokoto, kwenye huko kupimwa VETA, kuna kuandika mtihani? Mwandiko wangu unasomeka, ila nikikaa kwenye dawati mikono inatoka jasho. La pili linawahusu wote. Kijana kasoma kwenye simu kwamba kila nondo ina uzito wake kwa mita na unaweza kuipima. Tulikuwa na kipande cha nondo ya milimita 12, tukakikata mita moja kamili, tukaenda kwa muuza duka mwenye mizani ya dijitali ya sukari. Imesoma gramu 790. Hiyo ni sawa au tumepima vibaya? Tani nzima imeshashushwa saiti, haijasukwa bado.

---

Mzee wa Timazi (Tengeru)

Si sawa. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Ya 12 ni 144 gawa kwa 162, yaani gramu 889 hivi. Nondo nzima ya mita 12 iwe na kilo kama 10.7. Wewe umepata 790. Rudi kinyumenyume na hesabu hiyo hiyo, unakuta umeuziwa nondo ya milimita 11 na kidogo. Kiwanda kinaruhusiwa kuachana kidogo na uzito huo, asilimia chache tu. Hii imepungua zaidi ya asilimia 10, haiingii kwenye kuruhusiwa kokote.

Lakini kabla hujagombana na mtu, pima tena. Kata vipande kwenye nondo tofauti, visitoke nondo moja. Msumeno ukate wima, na mita iwe mita kweli, utepe wa chuma, usitumie wa kitambaa uliovutika. Pima pia urefu wa nondo nzima, kuna zinazokuja fupi kuliko mita 12 na unalipia 12.

---

Mama_Kokoto (Moshi)

Kaka fundi, la mtihani: wanakuuliza na wanakuangalia ukifanya kazi. Unawekewa kona, ukuta, plasta, wanasimama na pimamaji yao. Mikono yako itatoka jasho la kawaida. Mpeleke na yule kijana mkaulize pamoja, huenda kuna kozi fupi ya michoro inayomfaa, na wewe ukaingia kwa mgongo wake.

La nondo, sikiliza vizuri. Usizisuke. Ukishazisuka na kukata, mwenye duka atakwambia umebadilisha mzigo. Vipime kama mzee alivyosema, vipande kutoka nondo tofauti, na vipigwe picha vikiwa kwenye mizani namba ionekane. Tafuta risiti ya mashine. Kama ilikatwa kwa jina la mteja, risiti ni yake na mgogoro ni wake, kwa hiyo mpigie yeye leo usiku kabla hujaenda dukani, na mhandisi wake ajue. Usimfiche ili uonekane umemaliza mwenyewe. Mhandisi ndiye mwenye kusema kama kazi isimame au idadi ya nondo iongezwe, hiyo hesabu usiifanye wewe wala mimi.

Ukienda dukani nenda na mizani. Ongea taratibu, pima mbele yao na nondo zilizopo stoo, kwa sababu pengine na wao wameuziwa hivyo hivyo na hawajui. Maduka mengi hununua kwa tani na kuuza kwa kipande, na nondo nyembamba inatoa vipande vingi kwa tani. Wakikubali kubadilisha, mwambie mwenye gari asishushe ule mzigo mpya mpaka uvute nondo moja uipime. Wakikataa, kuna Shirika la Viwango, na Arusha wapo.

---

FundiKijenge (Arusha)

Tumepima vipande vitatu vingine: 785, 801, 792. Mteja nimempigia, ameshtuka, kisha akaniuliza kama na za slabu ya nyumba yake ya kwanza zilipimwa. Nimemwambia ile sikujenga mimi. Mhandisi anakuja kesho asubuhi, kijana wangu ndiye atamwonyesha mahesabu. Nitawaambia duka limesemaje.

---

chalii_wa_Sakina (Arusha)

Fundi, hiyo mizani ya sukari inauzwa bei gani?